Sauti ya Iringa Katika Spika ya Igawa

Matano Zubery aliletwa Mbeya akiwa mgongoni mwa mama yake, na kwa miaka yote aliyoishi huko hakuizoea baridi. Baba yake, mtu wa Pangani, alipanda bara na marobota ya kaniki, akafungua kibanda, akaugua kifua, akazikwa kabla mwanawe hajajua kusoma. Mtoto akakua na Kiswahili cha pwani nyumbani na Kisafwa mitaani. Mwezi wa sita ulipoingia, ukungu uliposhuka kutoka mlima Loleza na kulala juu ya mabati mpaka saa nne, alivaa makoti mawili, moja juu ya jingine, na watu wa mtaa wake wa Mwanjelwa hawakuacha kumcheka.

"Fundi, leo umevaa nyumba nzima."

"Nyumba bado," aliwajibu. "Hii ni baraza tu."

Alikuwa mcheshi siku zile. Waliomjua baadaye hawaamini wakiambiwa.

Vita vilimchukua akiwa na miaka ishirini na miwili. Kwa kuwa alijua kusoma, jeshi lilimweka kwenye redio, na huko Burma, ndani ya mahema yaliyovuja, alijifunza kulehemu waya kwa mikono inayotetemeka kwa homa. Aliporudi alitengeneza santuri na redio za wenye maduka, akamwoa Mwanakhamisi, binti wa mshona kanzu, wakapata mtoto mmoja, Jaha. Mwaka 1952 akaajiriwa na kampuni moja ya kujenga barabara. Kampuni hiyo haipo tena, na jina lake halina haja hapa.

Mkuu wa mitambo wa kampuni alikuwa Mzungu mmoja mwembamba ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Pima, kwa sababu hakupita karibu na kitu bila kukipima. Kampuni ilikuwa imeruhusiwa nafasi moja tu hewani, nayo ilikuwa na vituo vinne: Mbeya, Iringa, Igawa na Makongolosi. Bwana Pima akaigawa nafasi ile pande mbili. Iringa na Mbeya zikaongea upande wa juu. Kambi za Igawa na Makongolosi zikapewa upande wa chini kuongea na Mbeya.

Mitambo aliyoibuni kwa kazi hiyo ilikuwa na njia mbili ndani yake. Sauti ya msemaji ilipoingia iligawanywa: nusu ikapita njia ya kwanza, nusu njia ya pili, na ile ya pili ikacheleweshwa kwa robo ya wimbi. Mwishoni zikakutanishwa. Upande mmoja zikasaidiana, sauti ikatoka na nguvu. Upande mwingine zikapingana, zikamalizana, pakabaki kimya. Lakini ili zimalizane zilipaswa kulingana kabisa. Njia moja ikiizidi nyingine nguvu hata kwa kiasi kidogo, au ikichelewa zaidi ya robo ile, hubaki kivuli: sauti ileile, nyembamba, inasikika upande usio wake.

Kazi ya kuzilinganisha njia hizo ndiyo aliyofundishwa Matano, na ndiyo aliyoipenda kuliko kazi yoyote duniani. Alikiunganisha kwenye mtambo chombo kidogo kilichotoa mluzi mmoja usiobadilika, akavaa visikizio, akategesha redio ya pili upande ambao haukupaswa kuwa na kitu. Hapo aliusikia mluzi, kivuli chake. Akashika bisibisi na kuzungusha skrubu ya nguvu mpaka mluzi ukafifia, ukafika mahali ukagoma. Akahamia skrubu ya pili, ya ule ucheleweshaji. Ukafifia zaidi, ukagoma tena. Akarudi ya kwanza, kwa unywele tu. Akaenda ya pili. Saa nzima ingeweza kupita hivyo, mtu ameinama kama anayemsikiliza mgonjwa kifuani, mpaka mluzi unazama chini ya mchakacho wa hewani na hakuna sikio ambalo lingeweza kuutoa huko.

"Mita yangu inasema umekwisha," Bwana Pima alimwambia siku moja.

"Bado upo, bwana. Subiri."

Akazungusha kidogo. Bwana Pima akavaa visikizio, akasikiliza, kisha akaandika kitu katika daftari lake. Tangu siku hiyo hakumsimamia tena.

Mwaka 1956, mwezi wa tano, Bwana Pima alikwenda likizo kwao na hakurudi. Meneja aliyebaki alijua lami na baruti. Juu ya redio alijua tu kwamba zinapaswa kusema.

Julai ya mwaka huo mtambo wa Iringa uliletwa Mbeya kubadilishwa valvu. Ilikuwa wiki ya baridi kali, umande umeganda juu ya majani, vidole vya Matano havikunjiki. Akafanya alivyokuwa akifanya nyumbani: akawasha mkaa katika jiko dogo la bati, ambalo mama yake aliliita seredani, akaliweka chini ya meza ya kazi, mkono wa kushoto. Bwana Pima hakuwahi kumkataza kuweka moto karibu na mtambo. Mtu wa nchi ya theluji, aliyefanya kazi madirisha yakiwa wazi, hakuwahi kufikiri kwamba kuna fundi ambaye angehitaji moto.

Basi ubavu wa kushoto wa mtambo, ilipokuwa njia ya kwanza, ukaota mkaa saa nzima. Vitu vidogo vya ndani, ambavyo thamani yake hupanda na kushuka kwa joto, vikapanda. Ubavu wa kulia ulibaki na ubaridi wa chumba. Na Matano, kwa sikio lake lisilokosea, akazilinganisha njia mbili katika hali hiyo, kidogo huku, kidogo kule, mpaka kimya kikatimia. Kilikuwa kimya cha kweli, ila kilikuwa cha meza ile na moto ule. Akafunga kifuniko, akaandika tarehe kwa chaki, mtambo ukapakiwa kwenye lori.

Iringa hapakuwa na mkaa. Mtambo ukapoa pande zote sawasawa, na kivuli kikarudi.

Hakuna aliyekijua. Igawa na Makongolosi waliongea saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, Iringa saa nne na saa nane, kwa ratiba iliyobandikwa ukutani. Saa za Iringa upande wa chini ulikuwa mtupu, na sauti inayopita mahali patupu haimgongi mtu.

*

Karani wa redio wa Igawa aliitwa Silvester Kalinga. Alikuwa Mhehe wa kijiji kimoja nje ya mji wa Iringa, mtu wa kanisa, mwenye mwandiko ulionyooka kama mistari ya shamba. Yeye na Matano walikuwa wameonana mara tatu tu, lakini walisikilizana hewani kwa miaka minne, na kila jioni kabla ya kuzima Kalinga alisema, "Haya, mtu wa makoti, kalale na jiko lako," na Mbeya nzima ikacheka.

Februari 1957 mvua ilinyesha siku tisa bila kupumzika. Asubuhi ya siku ya kumi, magharibi ya Igawa, maji ya korongo yaliyang'oa katikati ya daraja la magogo la kampuni. Kalinga alikuwa ng'ambo, upande wa Igawa, na hapakuwa na njia ya kuvuka kwenda kuzuia magari ya Mbeya. Alikimbia kwenye redio. Ilikuwa saa nne na dakika tano. Haikuwa saa yake, lakini alijua kwamba spika ya upande wa chini huko Mbeya haizimwi kamwe. Hiyo ilikuwa amri ya Bwana Pima.

Aliita: daraja limeondoka, zuieni gari. Hakujibiwa. Aliita tena saa nne na robo, na saa nne na nusu, na kila mara akaandika daftarini. Redio yake ilikuwa ndogo, ya betri, na waya wake wa hewani ulikuwa unachuruzika maji. Muda huohuo Iringa, kwa mtambo wake mkubwa, ilikuwa inamsomea Mbeya orodha ya vipuri, ukurasa baada ya ukurasa. Saa tano kasoro robo betri ya Kalinga ikafa.

Lori liliondoka Mbeya saa nne na nusu likiwa na vibarua. Lilifika korongoni saa tisa. Maji yalikuwa yamefunika mbao, kama yalivyozifunika mara nyingi, na madereva walizoea kupita kwa kufuata vigingi vya pembeni. Vigingi vya upande wa Mbeya vilikuwa bado vimesimama. Kalinga, ng'ambo, alivua shati akalipunga, akapiga kelele mpaka koo likatoa damu. Dereva alimwona. Alimpigia honi ya salamu.

Walikufa watu saba. Wawili walikuwa vijana wa kijijini kwa Kalinga, ambao yeye mwenyewe aliwatafutia kazi.

*

Kesho yake Didas, karani wa redio wa Mbeya, alimfuata Matano karakana. Didas alikuwa mgeni kazini, mwaka haujatimia, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Fundi, nikuulize kitu usinicheke?"

"Nani wa kucheka leo?"

"Jana, saa ile ya Iringa, mvua ilikuwa inapiga bati, nikavaa visikizio nimsikie vizuri. Ile spika nyingine, ya Igawa, nikaiacha wazi kama kawaida. Sasa... ile spika ya Igawa nayo ilikuwa inasema Iringa."

"Inasema Iringa vipi?"

"Maneno yaleyale. Boliti za nusu inchi, boliti za robo tatu. Kwa sauti ndogo. Nikajua ni mimi nimechezea kitu. Nikasema nisiseme, watanifukuza."

Matano aliendelea kupangusa kipande cha waya ambacho tayari kilikuwa safi.

"Na Igawa? Igawa hukumsikia?"

"Sijui, fundi. Iringa alipovuta pumzi, kulikuwa na kitu. Neno, nusu ya neno. Kama mtu anayekohoa chumba cha pili."

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi kanywe chai," Matano alisema. "Hukuchezea kitu."

Saa nane Iringa alipoingia, Matano alimwomba karani wa huko apige mluzi mbele ya maikrofoni. Akategesha upande wa chini. Mluzi ulikuwa pale, mwembamba, wazi, haukuhitaji sikio la fundi. Mtoto angeusikia.

Alikaa na visikizio masikioni muda mrefu baada ya mluzi kukoma. Alipitia kila alichokifanya Julai: valvu, waya, skrubu moja, skrubu ya pili. Alikumbuka hata jinsi goti lake la kushoto lilivyokuwa na joto zuri. Hapo akajua.

Jumatatu meneja alimwita. Mezani palikuwa na daftari la Mbeya, lisilo na mwito wowote kutoka Igawa, na daftari la Igawa, lenye miito mitatu kwa mwandiko ulionyooka.

"Mitambo yako ni mizima?" meneja aliuliza.

Ilikuwa nafasi ya kusema sentensi moja. Matano alifikiria cheo chake, fundi mkuu wa redio, ambacho hakuna mwenzake aliyekuwa nacho kutoka Mbeya mpaka Iringa. Alifikiria watu saba. Wakati alipokuwa anafikiri, mdomo wake ukajibu.

"Mizima, bwana."

"Basi huyu hakuita. Alilala, kisha akaandika."

Matano hakusema ndiyo. Miaka yote aliyobaki nayo alijishikilia hapo, kwamba hakusema ndiyo.

Wiki ile ile aliomba ruhusa kwenda Iringa kukagua mtambo. Alifika, akafungua kifuniko, akauacha upoe, akaanza kazi bila moto, vidole vikiuma. Skrubu ya nguvu, skrubu ya pili, kurudi, kwenda. Hakuwahi kulinganisha njia mbili vizuri kama siku ile. Mluzi ulizama, ukazama zaidi, ukaisha. Na ulipoisha, hapakuwa tena na kitu chochote duniani cha kuonyesha kwamba Silvester Kalinga alisema kweli.

Kalinga alifukuzwa kazi mwezi wa tatu.

*

Mwanakhamisi ndiye aliyeona kwanza. Mumewe aliacha utani. Jikoni alikaa mbali na moto, hata Julai iliporudi, meno yakigongana.

"Baba Jaha, umeapa? Sogea uote."

"Sina baridi."

"Huna baridi! Midomo imekuwa kama zambarau. Kama umeoa mke wa pili huko Iringa sema tu, nijue nagombana na nani."

Zamani angejibu kitu cha kuchekesha. Alimtazama tu, naye Mwanakhamisi akaogopa, akarudi kwenye sufuria yake.

Habari za Kalinga zilimfikia mwezi wa kumi, kwa mdomo wa Asukile, dereva Mnyakyusa aliyepeleka mizigo Iringa. Walikuwa wanajaza mafuta.

"Yule karani wa Igawa unamkumbuka? Kanisa lao limemtenga."

"Limemtenga kwa nini?"

"Wamemweka marudi. Hashiriki Meza ya Bwana, haimbi kwaya, anakaa benchi la nyuma peke yake. Wazazi wa wale vijana wawili ndio walioshitaki. Wazee wa kanisa wamemwambia neno moja tu: simama mbele ya watu, ungama kwamba ulilala na ukaandika uongo, tukurudishe. Jamaa kakataa. Anasema, siwezi kuungama dhambi ambayo sikutenda. Ni miezi saba sasa. Watu wanampita njiani kama kisiki."

"Na mkewe?"

"Mkewe amejifungua. Mtoto hawezi kubatizwa, baba yuko nje." Asukile akafunga tangi. "Mtu mkaidi sana yule. Mimi ningeungama siku ya kwanza nikala chakula changu."

Matano alilala na maneno hayo wiki tatu. Ilikuwa rahisi kuyasema akilini: nitakwenda, nitasimama mbele ya kanisa lao, mimi Mwislamu na kofia yangu mkononi, nitasema. Kila Jumatatu alijiambia Ijumaa, na kila Ijumaa alipata kazi. Mwishoni mwa Novemba aliomba siku nne, akapanda lori la Asukile, akashuka Iringa, akatembea saa mbili na nusu kwenda kijijini.

Nyumba ya Kalinga ilikuwa mwisho wa njia, udongo mwekundu, shamba la mahindi nyuma limepandwa vizuri. Mke wake, Tekla, alikuwa uani akipeta ulezi. Alikuwa mwanamke mrefu, kichwa kimenyolewa, na Matano hakujiuliza kwa nini.

"Kamwene," alisalimu, kwa Kihehe chake kibovu.

"Kamwene, mgeni." Akamtazama makoti. "Wewe ndiye wa redio. Mtu wa makoti. Alikuwa anakutaja sana." Akaita ndani.

Kalinga alitoka akiwa amevaa shati la Jumapili, na haikuwa Jumapili. Alikuwa amekonda, lakini alitabasamu kweli, akamshika Matano mikono yote miwili, akamketisha kwenye kigoda. Tekla akaleta togwa ndani ya kata. Matano aliishika ile kata bila kunywa.

"Nimekuja kusema jambo," alisema, "na nikianza msinikatize, kwa sababu nikisimama sitaweza tena."

Akasema yote. Moto wa Julai, kivuli, mluzi, Didas, swali la meneja na jibu lake, siku ile alipokwenda Iringa na bisibisi kuufuta ushahidi. Alisema kwa kutazama chini, na alipomaliza akasikia kuku wakiparua ukutani.

"Jumapili hii," akaongeza, "nitakwenda nawe kanisani. Nitasema mbele ya wote. Kisha nitamwandikia meneja."

Kalinga aliuliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za safari:

"Kwa hiyo niliita."

"Uliita."

"Na sauti ilitoka. Ilifika mpaka Mbeya."

"Ilifika. Ilikuwa chini ya nyingine."

Kalinga akatikisa kichwa mara kadhaa, polepole. "Kuna usiku nilianza kusema moyoni, labda nililala. Labda niliota kwamba niliita. Watu wengi hawawezi kukosea wote." Akavuta pumzi. "Ahsante, Bwana Matano. Sasa sikiliza. Usiende kanisani."

"Kwa nini?"

"Umechelewa wiki mbili."

Tekla aliweka ungo chini.

"Mtoto aliugua," Kalinga alisema. "Kifua. Tukampeleka zahanati, wakampa dawa, haikumsaidia. Mama yake hakutaka azikwe bila jina. Mchungaji alisema, kizuizi ni wewe mwenyewe. Basi Jumapili ya juzi nikasimama. Nikasema nililala. Nikasema niliandika uongo. Wale mama wawili walilia, mmoja akaja akanishika mkono. Wakaniimbia wimbo wa kurudi. Mtoto akabatizwa siku hiyohiyo, akaitwa Sedekia. Akafariki Jumatano." Alisema jina hilo kwa uangalifu. "Amezikwa kama mtu. Sasa wewe ukisimama ukasema kwamba sikulala, maana yake niliongopa mbele ya Mungu, na mtoto wangu alibatizwa juu ya uongo. Utanirudisha wapi? Na wale mama, utawapa nani wa kumlilia? Wamekwisha kunisamehe."

"Wamekusamehe ambacho hukufanya!"

"Ndicho walichokuwa nacho," Kalinga alisema. "Acha." Akasimama, akamgusa Matano bega, akaingia ndani. Waliusikia mlio wa kitanda cha kamba.

Matano alibaki ameshika kata. Aliona sasa kwa nini kichwa cha Tekla kilinyolewa.

"Shemeji," alianza.

"Usiniite shemeji." Tekla hakupaza sauti. "Mwezi wa tatu ungekuja, mimi ningekuchinjia kuku. Mwezi wa sita. Hata mwezi uliopita, siku mtoto alipoanza kukohoa. Hesabu mwenyewe."

"Nimehesabu."

"Yeye ameungama, kwa hiyo amefunga mdomo wake. Mimi sikuungama kitu. Mimi mdomo wangu uko wazi." Akaingia, akatoka na karatasi ya daftari na kalamu ya risasi. "Andika."

"Niandike nini? Amesema nisi..."

"Andika. Sitaipeleka kanisani. Itakaa kwangu. Akifa yeye kwanza, nitaisoma kaburini, mbele yao wote. Hawatamzika kama mtu aliyelala."

Matano aliweka karatasi juu ya goti. Aliandika taratibu, kwa mwandiko wa jeshini, akampa. Tekla alikuwa amesoma shule ya misheni. Alisoma kwa sauti ndogo, kidole kikifuata mstari.

"'Mtambo wa Iringa ulikuwa na kasoro mwezi wa pili 1957, na kwa hiyo mwito wa Igawa haukusikika.'" Akamtazama. "Mtambo ulikuwa na kasoro."

"Ndiyo."

"Ulijipima wenyewe?"

Tekla aliirarua ile karatasi mara mbili, akarudi ndani, akaleta nyingine. Safari hii alisimama juu yake.

Kalamu ilikaa muda mrefu bila kugusa karatasi. Akaandika: Mimi Matano Zubery nililinganisha mtambo wa Iringa vibaya. Silvester Kalinga aliita mara tatu. Nilijua kesho yake. Nilificha.

Akatia sahihi. Tekla akasoma, kidole mstarini, mpaka neno la mwisho, akalisoma mara ya pili. Akaikunja karatasi ndogo kabisa, akaifunga kwenye pindo la khanga.

"Kuna gari la jioni pale barabara kuu," alisema. "Ukitembea haraka utalipata."

Kisha akainama, akaokota ungo wake, akaendelea kupeta.